Mkwe kaninyima chai na hogo bado lipo

Sijui ni mvua au ni bodaboda, ila barua za safari hii karibu zote zimekuja zinachechemea. Mguu, mtulinga, kiganja, goti. Na hakuna hata mmoja aliyeniuliza dawa, wote wanauliza chai na vitu vitamu, nikasema sawa, hapo mmefika kwa mwenyewe, maana na mimi nilishakaa na hogo, ile plasta ngumu ya kufungia mfupa, wiki sita na kilichokuwa kinanifikisha jioni ni kikombe cha saa kumi na kitu cha kutafuna pembeni. Haya tuanze.

Anti shikamoo. Niko Tanga, Ngamiani. Mwezi uliopita nilipata ajali ya bodaboda nikavunjika mguu chini ya goti, nimefungwa hogo kutoka vidoleni mpaka pajani. Nakaa kwa mama mkwe maana mume wangu yuko safari ya kikazi. Ananihudumia vizuri sina neno, ila chai amenikataza kabisa, anasema chai inakausha mfupa hautaunga, ananipa supu ya makongoro asubuhi mchana jioni. Bila chai kichwa kinauma Anti, mpaka nalia. Ni kweli anachosema?
*Mpenda chai, Tanga*

Marahaba mwanangu, pole na mguu na pole na makongoro. Tuanze na hicho kichwa. Chai ina kafeini, na mtu aliyezoea vikombe vitatu vinne kwa siku akikatiwa ghafla kichwa kinamgonga siku mbili tatu, wengine wiki nzima, anakuwa mzito, ana hasira, kila mtu anamuona mbaya. Kwa hiyo hujadeka, mwili unadai deni lake.

Chai kukausha mfupa, hapana. Mfupa ukivunjika damu inaganda pale kwenye ufa, alafu mwili unajenga kitu laini laini kama gegedu kuunganisha huku na huku, hicho ndo kinageuka kigumu taratibu, na baada ya hapo unaendelea kuchonga chonga na kulainisha miezi mingi hata wewe ukiwa umeshasahau. Mfupa wa muundi hauna haraka, miezi mitatu minne ni kawaida na wengine zaidi, usije ukakata tamaa wiki ya sita ukisikia jirani yako wa mkono ameshafunguliwa. Kinachochelewesha mfupa ni sigara, hiyo ni kweli kabisa, kama kuna mtu anavutia chumbani kwako huyo ndo wa kupigiwa kelele. Chai vikombe viwili vitatu kwa siku haimo kwenye kesi.

Ila usimcheke mkwe, ana kipande cha ukweli mkononi. Kwenye chai kuna tanini, ile inayofanya ulimi ukauke ukinywa chai kali iliyochemka sana. Hiyo inashikana na madini ya chuma yanayotoka kwenye maharage na mboga za majani, na kwenye vidonge vya kuongeza damu, yanapita tumboni bila kukusaidia. Kama ulipoteza damu kwenye ajali na ulipewa vidonge hivyo, usivimeze na chai wala usinywe chai juu ya chakula, acha lisaa lizima lipite. Ndo maana mi nakwambia chai yako iwe ya saa kumi jioni, peke yake, mbali na wali maharage.

Na makongoro ni matamu na yanatia nguvu, ila ile kalshiamu iliyoko kwenye kongoro haitoki kirahisi hivyo ikaogelea kwenye supu. Dagaa unaowatafuna na mifupa yao wana nyingi, ufuta unayo, na kikombe kimoja cha maziwa kina kama miligramu 300. Umeona tunakoelekea? Usiende kubishana naye kwamba Anti wa kwenye gazeti kasema. Mwambie, mama, naomba unipikie chai ya maziwa ile ya kwako, unijazie maziwa nusu kwa nusu, daktari anataka ninywe maziwa. Apike yeye. Mama mkwe akishapika kitu kwa mkono wake hakiwezi tena kuwa sumu.

Mengine mawili matatu halafu nikuache. Kwanza usiache kunywa vitu eti kwa sababu choo kiko mbali na magongo yanakuchosha, najua wanawake wengi tunafanya hivyo, alafu tumbo linafunga na hapo ndo utalia vizuri. Pili hogo likiwasha usiingize spoku wala mwiko, ngozi ikichubuka humo ndani huioni mpaka inuke, washa feni ipulize kwa juu au draya ya nywele ila ile hewa ya baridi. Tatu, vidole vikifa ganzi, vikiwa vya baridi au vimebadilika rangi, au maumivu yanazidi badala ya kupungua hata umemeza dawa, au ndani kunanuka, usingoje kesho, hospitali usiku huo huo. Na usinywe chai umelala, ikimwagika humo ndani utaungua na hogo litalainika. Ile dawa nyeupe ya hogo ni jasi iliyochomwa ikasagwa, ikipata maji inaganda. Daktari mmoja wa jeshi la Uholanzi, Antonius Mathijsen, ndo alianza mwaka 1851 kuipaka kwenye bendeji, kabla ya hapo watu walikuwa wanafungwa mbao na vitambaa. Ikishaganda iache kavu.

Mambo vipi dada. Mi ni fundi rangi Morogoro, nilianguka kwenye ngazi nikavunja mtulinga, mkono wa kushoto umening'inizwa shingoni kwa kitambaa na kazi hakuna. Nikaona nisikae bure nikaanza kupika kashata za nazi niuze hapa mtaani. Shida hazishiki. Nikikata zinakuwa uji, mara nyingine ngumu kama tofali. Pia jamaa wananiambia niende kwa mzee mmoja anaunga mifupa kwa mikono haraka. Nisaidie.
*Fundi, Moro*

Fundi nimekupenda bure. Nianze na mzee. Mtulinga mara nyingi unajiunga wenyewe na hicho kitambaa shingoni, wiki sita hivi kwa mtu mzima, uzito ndo unasubiri zaidi. Mtu akija kuuvuta na kuubonyeza anaweza kuuhamisha ulipokuwa umetulia. Na hao wanaofunga vijiti na kamba kwa nguvu, watu wamepoteza mikono kabisa si kwa sababu mfupa ulikuwa mbaya, kwa sababu damu ilikatwa ikashindwa kupita. Mzee msalimie, mnunuzie kahawa, mkono usimpe.

Sasa kashata. Kosa lako liko kwenye maji, nina uhakika hata sijaziona. Nazi mbichi ina maji mengi, na sukari yako hujaipika ikafika. Nunua nazi iliyokunwa sokoni kwa mashine (maana mbuzi kwa mkono mmoja hapana, usijaribu), vikombe vitatu. Itie kwenye sufuria kavu moto mdogo uigeuze geuze mpaka mvuke upungue, isibadilike rangi, ukiona inaanza kunukia kama imekaangwa umechelewa. Itoe weka pembeni. Kisha sukari vikombe viwili na maji kikombe kimoja, koroga mpaka sukari iyeyuke halafu ACHA KUKOROGA. Hapo ndo watu wengi wanaharibu, wanakoroga shira inachemka, sukari inarudi kuwa chenga chenga kabla ya wakati wake na kashata zinavunjika kama mchanga.

Chota kijiko kidogo dondoshea kwenye bakuli la maji ya baridi. Ikitawanyika bado. Ikijikusanya chini ukaishika ikawa donge laini unaloweza kuviringisha kama gololi mbichi, hapo hapo. Wenye thamometa ni kama nyuzi 115. Ukipitisha hapo ndo unapata matofali. Tia nazi, iliki punje sita za kutwanga, chumvi ya kubana kwa vidole viwili, sasa ndo ukoroge kwa nguvu mpaka uone inaanza kuachana na sufuria na kupoteza ule mng'ao. Mimina kwenye sinia ulilopaka mafuta, sawazisha, kata ikiwa ya vuguvugu, ukingoja ipoe kabisa kisu kitakataa.

Alafu sikiliza. Shira ya moto ikikudondokea haiteremki kama maji, inaganda pale pale na kuendelea kupika nyama. Wewe una mkono mmoja. Kupika pika, ila siku ya kumimina mwite mtu ashike sufuria, hata mtoto wa jirani mkubwa mkubwa umlipe kashata mbili. Na ziweke kwenye kopo linalofunga vizuri, mvua zikianza kashata zinatoa jasho ukiziacha wazi na mteja akiona zinalia hanunui.

Bi dada, salaam kutoka Mombasa. Mke wangu alianguka akavunjika kiganja cha mkono wa kulia, plasta imetolewa juma lililopita. Mkono umekuwa mwembamba, wakakamaa, hata kikombe hawezi kushika vizuri. Yeye ndiye hupika visheti vya Idi nyumba nzima na sasa ataka kuanza kukanda unga, mimi namkataza nikiogopa utavunjika tena, tumekosana. Nani yuko sawa kati yetu?
*Mume mwenye wasiwasi, Mombasa*

Kaka, hii barua nimeisoma mara mbili maana ni mimi kabisa. 2019 nilikuwa natoka uani na beseni la nguo, sabuni imemwagika chini, mguu ukaenda na mimi nikajikinga na kiganja. Nikasikia sauti kama kuni kavu. Walivyonifunga hogo ile dawa ikaanza kupata moto mkononi nikapiga kelele nadhani wamekosea, nesi akacheka akaniambia mama hiyo ndo inaganda. Kumbe kweli, inapata joto yenyewe ikishika maji.

Wiki sita baadae wakakata. Jamani. Hakuna aliyeniandaa kwa ule mkono. Mwembamba, ngozi inabanduka kama ya samaki aliyekaushwa, nywele zimeota, na harufu yake tuiache. Nikafika nyumbani furaha tele, dada yangu kaandaa chai, nikanyanyua chupa ya chai nimimine mwenyewe kwa mara ya kwanza. Haikupanda. Yaani kiganja kilikataa kugeuka, nikasimama pale na chupa imeinama hivi, chai haitoki, nikaanza kulia mbele ya wageni. Hogo lilikuwa limenitunzia mfupa ila lilikuwa limefunga na kila kitu kingine humo ndani, misuli imelegea, viungo vimekaza.

Kwa hiyo kukujibu, mfupa wa mkeo ukiwa umeunga na daktari ameona eksirei akasema sawa, mkono ukiendelea kuwekwa tu kama yai ndo utakakamaa zaidi. Hapo mkeo yuko sawa. Ila wewe nawe una haki nusu, maana kukanda unga wa chapati siku ya kwanza ni wazimu, ule unga mgumu unataka uzito wa mwili mzima juu ya kiganja. Mtu wa mazoezi ya viungo aliyekuwa ananiona aliniambia kwanza ni kufumba na kufumbua ngumi, kuinamisha kiganja na kukiinua, kugeuza kama unafungua mlango, mara chache chache ila kila siku, na mkono uuloweke kwenye maji ya uvuguvugu kabla. Alinipa na kampira ka kuminya. Kampira kalinichosha siku tatu nikakapa paka.

Nikahamia kwenye unga. Nilimuuliza kwanza, akasema uwe laini na usibonyeze kwa uzito, cheza nao tu. Nikapiga unga wa visheti, unga wa ngano na samli na tui, iliki, laini kabisa kama sikio la mtoto. Wa kwanza nilikuwa naminya tu kwa vidole nikiwa nimekaa, dakika tano, naacha, nakunywa chai, narudi. Wiki ya pili ndo nikaanza kutengeneza, unachukua kidonge kidogo unakibonyeza juu ya uma na dole gumba unakivingirisha kinajikunja na mistari yake. Vilikuwa vibaya! Vingine kama konokono, vingine kama masikio, wanangu wanavipa majina. Lakini ile kubonyeza na kuvingirisha ni zoezi lile lile la fizio, tofauti yake ni kwamba mwisho wake unakula. Nilikuwa naona maendeleo kwenye sinia, Jumatatu ishirini, Ijumaa arobaini. Ngumi mia ya kufumba na kufumbua hata ukiimaliza huna cha kuonyesha mtu.

Kukaanga na kutia shira hiyo kazi ni yako kaka. Sikutanii. Shira ikishakuwa nzito unamwagia visheti unapepeta na kugeuza haraka haraka mpaka sukari ipige weupe na kuvishika, na hapo panahitaji viganja viwili vizima, vya kwako vipo. Atakaa kwenye kiti akuelekeze na kukukaripia, na huko nako ni kupona. Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanayotulia baadae ni kawaida. Mkono ukivimba, ukiwa mwekundu wa moto, au maumivu yanakaa mpaka kesho yake, mmezidisha, punguzeni na mkaonekane. Mi chupa ya chai ilikubali kumimina mwezi wa tatu hivi, nilianza na birika robo, ikawa nusu, na siku ilipokubali nikamimina vikombe vyote vya mezani mpaka vya watu wasiokunywa chai.

Assalam alaykum bi dada. Mie nipo Muscat, mama yangu kaja kutoka Unguja, kaumia mguu na kidonda kimeshonwa, na ana sukari. Huku kila nyumba ukiingia unawekewa halwa na kahawa na yeye hakatai. Nikimzuia anasema nimemleta Omani kumtesa. Nifanyeje?
*Binti, Muscat*

Wa alaykum salaam. Mdogo wangu hapa sina mzaha sana. Sukari ikikaa juu kwenye damu kidonda kinachelewa kufunga na wadudu wanapata pa kukaa, na mguu wa mwenye sukari haukusamehi. Halwa ni sukari na samli na wanga vimepikwa masaa, hata ikiwa na zafarani na lozi za kupendeza bado ni sukari. Na watu wanaposema basi mpe tende maana ni matunda, tende ni sukari pia, kokwa moja na kahawa chungu ni kitu kimoja, sahani ni kingine.

Lakini usimnyime mbele za watu, mtu mzima kunyimwa ugenini ni aibu, hiyo ataikumbuka kuliko kidonda. Ongea na daktari wake kiasi gani anaweza, mara nyingi kuna kiasi, kama ncha ya kijiko, na mkubaliane nyumbani kabla ya kutoka, achague mwenyewe ni nyumba gani leo ataonja, na kwingine aseme nimeshiba. Mpime kama mna kile kimashine, aone namba kwa macho yake, wazee wengi wanaiamini namba kuliko mtoto. Na nyumbani mpikie chai ya rangi na mdalasini na iliki na karafuu mbili, iache ikae dakika kumi imefunikwa, ile harufu inamdanganya mtu kuna utamu. Mama yangu aliacha sukari kwenye chai akiwa na miaka sitini na kitu, wiki mbili alinuna, ya tatu akaanza kusema chai za watu zina sukari nyingi. Kidonda kikitoa maji, kikinuka, au akipata homa, mpeleke siku hiyo hiyo.

Anti, kwanini nikitia tangawizi maziwa yanakatika? Nimemwaga lita mbili wiki hii na mgonjwa wangu anasubiri chai.
*Bila jina, Dar*

Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa, kuna watu China wanatengenezea kabisa kitindamlo kwa hiyo hiyo. Moto unakiua. Ponda tangawizi yako ichemke na maji na majani dakika tano nzima, ndipo utie maziwa, na yaonje kwanza kama hayajaanza kuchacha maana hapo hata mi sina msaada. Hayo yaliyokatika mengine usimwage, chuja, hilo chenga tia chumvi na pilipili manga upake kwenye mkate. Mgonjwa wako mpe kikombe chake na umsalimie.